Juma la Mmisionari wa Mbozi: Nani Alimfundisha Nani?

Msomaji mpenzi, ukisafiri ukamwambia mtu wa Dar es Salaam au wa Mwanza kwamba unatoka Mbozi, jambo la kwanza atakalokuuliza ni kimondo. "Ehe, kule kwenye jiwe lililoanguka kutoka mbinguni!" Ni kweli bwana, jiwe lipo pale Ndolezi, tani zipatazo 16 za chuma, na wataalamu wa dunia walianza kupata habari zake mwaka 1930 kutoka kwa mpima ardhi mmoja Mzungu. Wenyeji walikuwa wakiishi nalo siku zote.

Lakini miaka 31 kabla ya hapo kuna kitu kingine kilichoingia Mbozi, nacho hakikuanguka kutoka juu. Kilikuja kwa njia ya Rungwe, kikiwa na Biblia mkononi na lugha ya Kijerumani kinywani. Hicho ndicho ninachotaka tukizungumze leo, maana jiwe limeandikwa sana, na watu wameandikwa kidogo.

Hapa Vwawa hapapiti juma bila kukutana na mhubiri kijana. Wengine hutembea wawili wawili, wamevaa mashati meupe na kubeba mkoba wa vitabu. Wengine husimama sokoni na kipaza sauti. Wengine hubisha hodi mlangoni jioni wakati watu wanapika. Ukienda Tunduma, pale mpakani, ndiyo usiseme: kuna anayehubiri kwa Kiswahili, kuna anayehubiri kwa Kibemba, na malori yanapiga honi katikati yao. Mimi huwa nawatazama hawa vijana na kujiuliza swali moja. Mtu anayekwenda kuwafundisha watu juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka, yeye mwenyewe anafundishwa nini? Swali hili lina jibu katika historia ya hapahapa kwetu, tena jibu la kushangaza.

Tuanze mwanzo. Kanisa la Moravian lina asili yake katika wafuasi wa Jan Hus, yule padri wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415. Mabaki ya wafuasi hao walikimbilia Ujerumani, na mwaka 1722 wakaanza kujenga kijiji cha Herrnhut katika ardhi ya mtawala mmoja kijana aitwaye Zinzendorf. Kijiji hicho kidogo kilianza kutuma wamisionari ng'ambo mwaka 1732. Wengi wao hawakuwa wasomi wakubwa. Walikuwa maseremala, wafinyanzi na wakulima. Neno hili tulishike, kwani litatusaidia mbele.

Mwaka 1891 vijana wanne kutoka huko walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Martin alifariki mwaka huohuo, hata kazi hajaianza. Waliobaki wakafungua kituo Rungwe. Wamisionari wa Berlin nao walikuwa wamefika mwaka uleule, basi wakagawana nchi kama ndugu wanavyogawana shamba: Berlin wakachukua upande wa mashariki na Wamoravian upande wa magharibi. Wenye nchi hawakuulizwa. Ndiyo maana mpaka leo upande wetu huu Wamoravian ni wengi.

Mwaka 1892 akaja kijana mwingine, Traugott Bachmann. Alizaliwa mwaka 1865, kwa hiyo alipofika Unyakyusa alikuwa na umri wa miaka 27 hivi. Umri huo ndio wa sisi tunaoandika katika jarida hili! Mwaka 1899 ndipo akaja Unyiha na kufungua kituo cha Mbozi, mahali ambapo mpaka leo tunapaita Mbozi Misheni, si mbali na hapa Vwawa.

Sasa hebu fikiria ni nchi gani aliyoikuta. Tusije tukadhani alikuta watu wamekaa tu chini ya mti wakimsubiri. Wanyiha walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga tanuri ndefu za udongo, wakayeyusha mawe, wakafua majembe na mikuki iliyouzwa mbali. Walifuma nguo za pamba. Lakini walikuwa pia watu waliochoka. Kwa miaka mingi walikuwa wakishambuliwa na Wabemba kutoka kusini-magharibi na Wasangu kutoka mashariki, na waliotekwa waliuzwa utumwani. Watu walijikusanya katika vijiji vyenye boma la miti, na mtu akienda kisimani au shambani alienda akiangalia nyuma.

Juu ya hayo, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulikuwa umechora mpaka, na mwaka 1898 tume ikaja kuupima. Ndio mpaka huu wa Tunduma unaotupa riziki na matatizo. Mwaka huohuo wa 1898 serikali ya Kijerumani ilikuwa imeanza kudai kodi ya nyumba. Kwa hiyo Mzungu mwenye Biblia alipoingia mwaka 1899, watu walikuwa wamekwisha kusikia habari za Mzungu mwenye bunduki na Mzungu mwenye daftari la kodi. Walikuwa na haki ya kuuliza: huyu wa tatu anataka nini?

Juma la mmisionari wa Kimoravian wakati ule lilikuwa na mpango wake. Jumapili ni ibada. Siku za kazi ni shule ya kusoma na kuandika, darasa la wanaojiandaa kubatizwa, na safari za miguu kwenda vijijini kuzungumza na machifu na wazee. Katikati ya hayo kuna kufyatua matofali, kupasua mbao, kulima bustani, kufunga vidonda vya watu. Halafu kulikuwa na desturi yao moja ya zamani: kabla ya Meza ya Bwana, mchungaji aliketi na kila Mkristo peke yake, ana kwa ana, wakazungumza habari za maisha yake. Aidha kila kituo kiliandika shajara, na habari zake zilipelekwa Herrnhut, ng'ambo ya bahari, ili wenzao wasome. Kwa hiyo mmisionari alikuwa mwandishi apende asipende.

Mimi hapo kwenye mazungumzo ya ana kwa ana ndipo ninaposimama. Msomaji, jaribu kuketi na mtu mmoja mmoja, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, ukiwauliza habari za nyumba zao, mwaka baada ya mwaka, tena kwa lugha yao. Huwezi kubaki ulivyokuwa. Mhubiri wa kipaza sauti anaweza kuhubiri miaka ishirini asijue jina la mtu hata mmoja. Lakini mtu anayeketi na kusikiliza, ataanza kusikia mambo ambayo hakuyatarajia.

Na ndivyo ilivyomtokea Bachmann. Alikuja akiamini, kama wenzake wengi, kwamba mila za Mwafrika ni giza tupu na kwamba kazi yake ni kuzing'oa kama magugu. Kadiri alivyojifunza Kinyiha na kuwasikiliza wazee, alianza kuona kwamba watu hawa wana adabu, wana sheria, wana ndoa zenye heshima na wana namna yao ya kumcha Mungu. Wanahistoria waliosoma maandishi yake wanasema kwamba alikuwa kama mtu aliyeokoka mara ya pili, na safari hii waliomwokoa ni Wanyiha. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa Ujerumani katika miaka ya 1950, baada ya kifo chake mwaka 1948. Jina la kitabu ni Ich gab manchen Anstoß. Kwa Kiswahili tungeweza kusema "Niliwakwaza wengi", lakini neno lenyewe la Kijerumani lina pande mbili. Ni kumkwaza mtu na pia ni kumsukuma aanze safari. Aliowakwaza sana walikuwa Wazungu wenzake.

Tuchukue jambo moja tu lililoleta ubishi, nalo ni wake wengi. Makanisa mengi ya wakati ule yalikuwa na sheria ngumu: mwanamume mwenye wake watatu akitaka kubatizwa, sharti awaache wawili. Ukiisikia haraka haraka utasema ni sheria nzuri, mke mmoja mume mmoja, basi. Bachmann akatetea wazo kwamba mtu wa namna hiyo asilazimishwe kuwafukuza wake zake ndipo abatizwe.

Kwa nini? Watu wengine hudhani alikuwa analegeza dini ili apate waumini wengi. La hasha! Hebu turudi kwenye hali ya nchi niliyoieleza. Mwanamke katika Unyiha ya mwaka 1899 aliishi kwa kuwa na watu wake: baba, kaka, mume, wana. Mwanamke asiye na mtu wa kumsimamia alikuwa katika hatari kubwa. Alikuwa wa kwanza kutolewa kulipia deni, wa kwanza kuchukuliwa vita ikija, wa mwisho kukombolewa. Wanawake kadhaa wa nchi hizi za kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika walisimulia wenyewe maisha yao ya utumwani, wamisionari wakayaandika, na mwanahistoria wa Marekani, Marcia Wright, akayakusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1993. Ukiwasikiliza wanawake hao unaona jambo moja linajirudia: kila mmoja anatafuta nyumba ya kuingia, mtu wa kumwita ndugu, mlango wa kujificha.

Sasa wewe mchungaji uje useme, "Bwana, mfukuze huyu na huyu, uwe mtakatifu." Mume atakuwa mtakatifu, sawa. Na yule mama aende wapi na watoto wake? Arudi kwa kaka aliyeuawa? Utakatifu wa mmoja utakuwa umelipiwa na mwingine ambaye hakuulizwa. Swali hilo Mzungu aliye Herrnhut hawezi kuliona. Analiona yule anayeketi na watu mmoja mmoja. Kwangu mimi hapo ndipo juma la mmisionari lilipogeuka kuwa shule ya mmisionari.

Jambo la pili ni majina. Katika misheni nyingi ukibatizwa unaacha jina lako mlangoni, unatoka ukiitwa Johannes au Wilhelm. Lakini angalia majina ya wasaidizi wa Bachmann ambao habari zao zimeandikwa. Mmoja ni Ambilishiye, mwinjilisti, ambaye Bachmann alimwandikia kitabu kidogo kilichochapishwa Herrnhut mwaka 1917. Mwingine ni Msatulwa Mwachitete. Hakuna Wilhelm hapo. Ni majina ya kwetu, yameingia kanisani na miguu yake mwenyewe na yakaandikwa kwenye vitabu vya Ulaya bila kubadilishwa.

Tukae kidogo na huyu Msatulwa, kwa maana yeye ndiye aliyenifanya niandike makala haya. Alikuwa mtoto wa Unyiha. Alitekwa akiwa mdogo katika vita vile vya kuteka watumwa, akarudi nchini kwao, na baadaye akawa mwalimu wa misheni. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe. Habari zake zikachapishwa kwa Kiingereza huko London mwaka 1932, na Marcia Wright akazirudia katika kitabu chake cha mwaka 1993.

Msomaji, tulipoulizana mimi na wenzangu ni nani mwandishi wa kwanza wa Mbozi, kila mtu alitaja mtu wa juzi juzi. Kumbe alikuwapo mtu wetu aliyesimulia maisha yake tangu utumwani mpaka ubaoni, kabla babu zetu wengi hawajazaliwa! Na hadithi yake, nikuambie ukweli, ina kila kitu ambacho sisi tunaohangaika na riwaya tunakitafuta: vita, mtoto aliyepotea, safari, kurudi nyumbani, imani mpya, mgogoro na mila. Lakini sijawahi kuona nakala ya Kiswahili ikiuzwa sokoni Vwawa. Kijana wa Vwawa aliyemaliza kidato cha nne anaweza kumwelezea Shakespeare ni nani. Msatulwa je?

Kazi kubwa iliyobaki kutoka mwaka ule ni lugha. Mwaka 1913 Agano Jipya likatoka kwa Kinyiha. Huwa tunasema "Bachmann alitafsiri Agano Jipya", na ni haki yake kusifiwa. Lakini hebu tufikiri kama watu tuliowahi kujaribu kuandika sentensi moja nzuri. Mjerumani, hata awe hodari namna gani, atajua vipi neno gani la Kinyiha linafaa kwa "neema", au kwa "roho", au kwa "kusamehe"? Hana budi kuuliza. Anauliza asubuhi, anauliza jioni, anajaribu neno, watu wanacheka, anajaribu lingine, watu wanatikisa kichwa. Hakuna tafsiri ya Biblia katika Afrika iliyofanyika bila wasaidizi wenyeji kuketi mezani. Kwa hiyo miaka ile 14 kati ya 1899 na 1913, mwalimu wa lugha alikuwa nani na mwanafunzi alikuwa nani? Jibu unalo.

Kisha vita vikaja. Mwezi Mei mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Moja ya ngome za Wajerumani zilizoshambuliwa ilikuwa Igamba, hapahapa Mbozi. Wajerumani wakarudi nyuma, Waingereza wakashika nchi, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920.

Watu wengine walidhani kwamba Mzungu akiondoka na kanisa litaondoka naye, kama moto unavyozimika ukiondoa kuni. Haikuwa hivyo. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walisaidia kuviangalia vituo vya Wamoravian, lakini walikuwa wachache na nchi ni kubwa. Waliobeba kazi ya kila juma, ya kuzika wafu, kufundisha watoto, kupatanisha wagomvi na kuongoza ibada, ni walimu na wainjilisti wenyeji. Wakati huo nchi ilikuwa imejaa njaa na magonjwa, na wanaume walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Kama dini ile ingekuwa nguo ya kuazima, ingevuliwa wakati huo.

Tena tusisahau kwamba si kila mmisionari aliyepita hapa alikuwa Mzungu. Katika miaka ya 1917 hadi 1919, upande wa pili wa mpaka, karibu kabisa na Tunduma, ujumbe wa Watch Tower ulienea kama moto wa nyika. Waliouhubiri walikuwa Waafrika vijana, wengi wao waliorudi kutoka kazi za Rhodesia ya Kusini, na mmoja wa viongozi wao aliitwa Hanoc Sindano. Hawakuwa na mshahara wala nyumba ya misheni. Walitembea kwa miguu kijiji kwa kijiji, wakifundisha kwamba ufalme wa wakubwa wa dunia unakaribia mwisho. Serikali ya kikoloni iliwakamata na kuwafunga wengi. Kwa hiyo huyu kijana unayemwona leo pale stendi na mkoba wake, ana babu wengi kuliko anavyojua, na baadhi ya babu hao walilala jela.

Sasa kuna watakaoniambia, "Bwana mdogo, mbona unawasifu wakoloni?" Ni swali la haki, na sitalikwepa. Misheni ilikuja pamoja na ukoloni, ikalindwa na ukoloni, na ardhi ya misheni ilikuwa na mamlaka yake, mmisionari akiamua mashauri kama chifu. Mambo mengi ya kwetu yaliitwa ushenzi na watu ambao hawakuuliza hata yanaitwaje. Tanuri za chuma za Wanyiha zilizimika, majembe ya Ulaya yakaingia, na ufundi wa karne nyingi ukabaki kwenye masimulizi ya wazee. Hata Bachmann, pamoja na kubadilika kwake, alibaki Mzungu katika koloni la Wajerumani. Hakuna haja ya kumfanya malaika.

Lakini vilevile tukisema kwamba babu zetu walidanganywa tu, tunawadharau mara ya pili. Msatulwa hakuwa mtoto wa kudanganywa. Alikwisha kuona utumwa kwa macho yake. Alichagua. Wazee waliokuwa wakibishana na Bachmann juu ya ndoa na mizimu walikuwa na hoja, na hoja zao zilikuwa na nguvu kiasi cha kumgeuza mtu aliyetumwa kuwageuza wao. Katika historia tuliyosomeshwa darasani, mmisionari anafundisha na Mwafrika anasikiliza, basi, kengele inalia. Mbozi inatuonyesha kwamba mambo yalikwenda pande zote mbili, na kwamba juma la mmisionari lilikuwa na siku nyingi za kusikiliza kuliko za kusema.

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulizaliwa rasmi kutoka Mbeya na Vwawa ikawa makao makuu. Tumepata ofisi na magari ya serikali, na nyumba za wageni zimeota kila upande. Reli ya TAZARA inapita, barabara ya Zambia inapita, na vijana tunazungumza Kiswahili tangu alfajiri. Kinyiha kinabaki kwa bibi jikoni. Mimi nitaendelea kuandika kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha inayotuunganisha na msomaji wa Tanga na wa Kigoma. Lakini maneno yale ambayo wazee waliyachambua mezani na Bachmann mpaka mwaka 1913, neno la kusamehe, neno la roho, tukiyapoteza sisi hatutayapata kwa Mjerumani.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wenzangu wa jarida hili, hasa mlioko Mbozi, Ileje na Momba. Kila mmoja achague mzee mmoja. Aketi naye mara moja kwa juma, ana kwa ana, kama walivyokuwa wakifanya Wamoravian wa zamani, ila safari hii sisi tuwe wanaoulizwa kidogo na wanaosikiliza sana. Aandike siku, mwaka na maneno kama yalivyosemwa. Na yeyote mwenye Kiingereza kizuri na moyo wa kazi, atusaidie kumrudisha Msatulwa Mwachitete nyumbani kwa Kiswahili. Amekaa ng'ambo tangu mwaka 1932. Je, ni nani atakayeanza?